Wali Ukishaila Ngozi

Ndugu wa Editha waliinjika sufuria la kwanza asubuhi, na kabla maji hayajachemka walikuwa wameshagombana mara mbili, kwanza kuhusu chumvi, kisha kuhusu nani aliyeruhusu spika zifungwe karibu na jiko. Fidea aliwakuta katikati ya ugomvi wa tatu. Alishuka kwenye gari la Maabara na begi dogo begani, na mama yake akamwona kabla hata hajafunga mlango wa gari.

"Huyo! Mhandisi wa taifa! Amekuja kula, hakuja kupika."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vua hivyo viatu, ushike mwiko."

Mama yake aliitwa Gaudensia, lakini bonde zima la Kilombero lilimjua kwa jina la Mama Gaude wa Ubwabwa. Harusi ikipikiwa na mtu mwingine, watu walinong'ona kwamba wazazi wamebana matumizi. Kila Jumamosi alifundisha mapishi kwenye simu, na wanawake kuanzia Mlimba hadi Mikumi walirudia maneno yake neno kwa neno, pamoja na matusi.

Leo ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake wa mwisho, Editha, kabla ya harusi. Fidea alipomkumbatia mdogo wake alilihisi tumbo. Editha alikuwa na mimba ya miezi mitano, ameifunika kwa kitenge kilichokunjwa kwa ustadi, na ukoo mzima pamoja na paroko walikuwa wamekubaliana bila kusemezana kwamba hawaioni.

"Usinitazame hivyo, dada," Editha alinong'ona. "Bwana harusi anajua. Paroko anajua. Hata keki inajua."

Fidea alicheka, ila kicheko kilimkauka mdomoni. Wiki tatu nzima alikuwa kwenye wodi za wazazi za bonde hilohilo, na aliyoyaona huko hakuyapenda hata kidogo.

Tuelewane kwanza kuhusu ngozi. Ulikuwa utando mwembamba wa kijani, na kila gunia la nafaka nchini lilivishwa huo. Kabla yake ilikuwapo miaka ya ukungu. Mvua zilikosa adabu, zikanyesha wakati wa kuvuna na kugoma wakati wa kupanda, na maghalani ukazuka ukungu mweusi uliotema sumukuvu isiyotoka kwa kuoshwa wala kwa kupikwa. Watu walikula, wakageuka manjano hadi weupe wa macho, wakazikwa. Baba yake Fidea alikuwa mmojawapo. Ngozi ndiyo iliyokomesha misiba ile. Ilinyonya unyevu, ikaua ukungu, ikakaa hai miaka miwili bila kuchoka. Ikichoka, kijani kilipauka na kuisha, na hapo mtu aliambiwa aitupe kwenye shimo la mboji. Joto na unyevu wa mboji viliimega vipandevipande, mpaka zikabaki chembe ambazo jicho haliwezi kuziona, na vijidudu vya udongoni vikazila zote. Haikubaki taka. Maabara ilijivunia jambo hilo kuliko mengine yote, na aliyelibuni ni Fidea.

Ndani ya ngozi walitia pia rangi ya siri, ili kiwanda kiweze kugundua inapovuja. Mchana huioni. Ukiimulika gizani kwa taa yake maalumu, inawaka buluu. Taa hiyo waliiita mulika, na fundi mmoja wa Maabara alikuwa amepita nayo kwenye wodi ya wazazi, amesahau kuizima, akaona beseni lenye kondo la nyuma linawaka buluu tupu. Tangu hapo walimulika makondo mengi. Ya bonde yaliwaka, ya kwingine nchini hayakuwaka. Na watoto wa bonde walikuwa wakizaliwa wadogo, wengi kabla ya siku zao, wengine wakilia kwa sauti ya paka.

Fidea alitumwa kutafuta chembe zinaingilia wapi. Alimulika visima, samaki, maziwa, chumvi. Alimulika mchele uliotoka ndani ya ngozi mbichi ya kijani, akakuta giza safi. Hakupata kitu. Alikuja kwenye sendofu na mulika yake begini kwa sababu tu hakuwa na mahali salama pa kuiacha.

"Haya, leteni ngozi!" Mama Gaude alipaza sauti.

Fidea alidhani wanaagiza gunia jingine. Badala yake walikuja wasichana wawili wamebeba ngozi iliyopauka, imefuliwa, imeanikwa, imekunjwa kama shuka. Mama Gaude akaikung'uta, akainusa, akaitandaza juu ya wali uliokuwa umekauka maji. Kingo zake akazichomeka vizuri pande zote. Kisha mfuniko, na juu ya mfuniko makaa ya moto.

"Mama, unafanya nini?"

"Nafanya nini? Naupalia wali."

"Na hiyo ngozi?"

"Ebo! Kitu umekitengeneza mwenyewe, kazi yake huijui?" Wanawake wakaangua kicheko. Mama Gaude alipata nafasi ya kufundisha, na akiipata nafasi hiyo hakuiachia. "Bibi yako alifunikia nailoni. Wakaipiga marufuku. Tukarudi kwenye majani ya mgomba, yanapasuka, mvuke unakimbia, juu wali mbichi chini ukoko. Mpaka Mungu akatuletea hii. Ikiwa mpya haifai, ngumu. Unaisubiri ichoke, ilainike. Unafunika, unapalia. Ukifunua ukaikuta bado ipo, wali haujaiva, rudishia makaa. Ukifunua ukaikuta haipo, basi wali umeshaila ngozi. Epua."

"Haipo imekwenda wapi, mama?"

"Imekwisha! Si ninyi mliosema redioni? Ikipata joto inaisha, haibaki taka."

Fidea alisimama palepale, mwiko mkononi, mpaka makaa yalipoondolewa na mfuniko ukafunuliwa. Ngozi haikuwapo. Pilau ilikuwa inameta, punje moja moja, na harufu ya iliki ilijaa uani.

"Umeila!" wanawake walishangilia, na vigelegele vikapigwa.

Alichota wali kidogo kwenye kisahani, akaingia stoo ya nyuma ya jiko, akafunga mlango. Humo mlikuwa giza na harufu ya magunia. Alitoa mulika begini. Alipoibonyeza, kisahani kizima kiliwaka buluu. Hakuna punje iliyobaki bila kuwaka.

*

Dokta Masalu, mkuu wa Maabara kule Dodoma, alikuwa mtu asiyepandisha sauti hata akiumwa jino. Alimsikiliza Fidea kwenye simu hadi mwisho.

"Joto la sufuria na mvuke," alisema. "Sawa kabisa na mboji. Sisi tuliijaribu kwenye magunia, kwenye jua, kwenye mafuriko, kwenye mboji. Hakuna aliyefikiria wali."

"Na tumboni mwa mtu hakuna vijidudu vya udongo vya kumalizia kazi."

"Hakuna. Umemwambia nani?"

"Bado sijamwambia mtu."

"Usimwambie."

Fidea aliitazama simu kana kwamba imemtukana. Nje mshereheshaji alikuwa anapima kipaza sauti, na viti vilikuwa vinaburuzwa chini ya turubai.

"Dokta, wageni wanakaa mezani sasa hivi. Mdogo wangu ana mimba."

"Mdogo wako mpe chakula kingine. Wengine wamekula hivyo miaka, leo haitabadilisha kitu."

"Unajisikia unayoyasema?"

"Najisikia. Wewe unakumbuka Lugangeni?"

Nani angesahau Lugangeni. Ulipita uvumi mmoja tu huko, kwamba ngozi inaua nguvu za kiume, nao watu wakavua maghala yote mchana mmoja na kuichoma moto ngozi wakiimba. Masika yalipoingia, ukungu nao ukaingia. Masalu alikuwa mzaliwa wa huko. Aliwazika kaka zake wawili, mmoja baada ya mwingine, na yeye ndiye aliyesaidia kuivumbua ngozi.

"Ule ulikuwa uongo," Masalu alisema, "na tuliwaambia ni uongo, na hawakusikia. Huu ni ukweli, Fidea. Utawaambia ukweli nusu nusu? Ngozi ni salama gunia likiwa limefungwa, si salama sufuriani? Watasikia neno moja tu. Watasikia sumu. Hayo maghala ya bonde lenu yanalisha mikoa mitano, na mvua iko mlangoni. Nipe mpaka mavuno. Ngozi mpya isiyomegeka kwa joto tutakuwa tumeimaliza, tutabadilisha kimyakimya, hakuna atakayejua na hakuna atakayekufa."

"Mpaka mavuno Editha atakuwa ameshajifungua. Na wenzake wangapi?"

"Mtoto aliyezaliwa mdogo anaweza kuishi," Masalu alisema taratibu. "Mtu wa manjano haponi. Unajua mwenyewe."

Alijua. Alikata simu bila kuaga. Juu ya milima ya Udzungwa wingu lilikuwa limekaa zito, na upepo ulianza kuchezea kingo za turubai.

*

Masinia yalikuwa yanapakuliwa alipomvuta Editha pembeni.

"Pilau usile. Nitakutafutia ndizi."

"Pilau ya mama? Kwenye sendofu yangu mwenyewe?" Editha alitoa macho. "Mama atalia mpaka kesho. Kwani kuna nini?"

"Usile tu, Edi."

"Dada, wewe hujui kudanganya. Tangu utotoni hujui."

Kweli hakujua. Alimshika mkono, akamwingiza stoo, akafunga mlango. Kwenye wodi walikuwa wakiwamulika akina mama kuchani, kwa sababu hapo damu iko karibu. Alimwelekezea mulika, na kucha zote za Editha zikawaka buluu gizani.

"Weee! Nzuri!" Editha alicheka, akavigeuzageuza vidole. "Ni rangi gani hii? Nipake na za miguu!"

Fidea alitamani amwache hivyohivyo acheke. Alimweleza. Alieleza vibaya, kwa haraka, akichanganya maneno ya Maabara na ya nyumbani, lakini Editha alielewa, maana vidole viliacha kucheza. Mkono mmoja ulishuka tumboni.

"Na huyu?"

"Sijui. Huenda."

"Anaumwa?"

"Sijui, Edi. Wengine wanazaliwa salama kabisa. Sitaki kukudanganya."

Editha akafuta pua kwa kitenge chake cha sherehe, akamkazia dada yake macho.

"Na wale nje? Binamu yetu Koleta ana mimba. Yule wifi yangu mpya anatapika mwezi mzima akidhani ni malaria, ana mimba yule. Umewaambia?"

"Nikiwaambia watavua ngozi ghalani. Masika haya hapa. Utaona watu wanakufa kama baba."

"Kwa hiyo mimi nisile kwa kuwa ni ndugu yako. Wao wale."

Fidea aliona haya, haya ya kweli iliyompanda hadi masikioni. Wiki tatu alijiambia anapigania watoto wa bonde, na ilipofika saa ya kusema, alichofanya ni kumwondolea ndugu yake sahani na kuwafungia wengine mlango.

Mlango wenyewe ukasukumwa.

"Mmejifungia stoo chakula kinapoa! Bibi harusi, wageni..." Mama Gaude alijikatiza. Mlango ulijirudisha nyuma yake, na katika giza akaziona kucha za mwanawe zinawaka chini ya mulika. "Ni uchawi gani huo?"

"Si uchawi, mama. Ni ngozi."

Safari hii Fidea alieleza vizuri, polepole, na mama yake hakumkatiza hata mara moja. Hilo peke yake lilitisha. Alipomaliza, Mama Gaude alinyoosha mkono.

"Nimulike mimi."

"Mama, si lazima."

"Nimulike, nimesema!"

Ule mkono ulikuwa umekondeshwa na uzee, ngozi ya mwili juu yake nyepesi kama karatasi ya sigara. Haukuwaka kuchani tu. Mishipa yote iliwaka, kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa ameonja kila sufuria alilopika.

"Mlisema inaisha," alisema.

"Tulisema inaisha udongoni, mama."

"Redioni mlisema inaisha! Udongo hamkutaja! Mimi nikawafundisha watu. Kila Jumamosi nawaambia, pika mpaka isionekane, pika mpaka wali uile." Akakaa juu ya gunia kwa kishindo. Alilia bila sauti, mabega yakitikisika, na mabinti zake hawakujua waguse wapi. "Baba yenu alikufa kwa ugali niliousonga kwa mkono huu. Nikaapa sitamlisha mtu sumu tena. Hii ndiyo ngozi niliyoipigia magoti nikashukuru."

Nje mshereheshaji alikuwa anatangaza: mezani, mezani, wageni waheshimiwa.

Mama Gaude aliinuka. Alijifuta uso kwa upande wa ndani wa kanga, akaifunga upya kiunoni.

"Mama, ngoja tufikirie," Fidea alisema. "Wakisikia vibaya watakimbilia ghalani. Dokta anasema..."

"Huyo dokta wako alishawahi kumtazama mtu usoni anapomeza?"

Mama Gaude akafungua mlango.

*

"Masinia chini!"

Wasichana waliganda, masinia vichwani. Mama Gaude alipita katikati ya viti mpaka kwa mshereheshaji, akamnyang'anya kipaza sauti.

"Pilau hii hailiwi. Nimeipika mwenyewe, na nasema hailiwi. Asionje mtu."

Manung'uniko yakaanza kila upande. Mjomba Remi, kaka yake Mama Gaude, alisimama kwenye meza ya mbele. Yeye ndiye aliyekuwa na funguo za ghala la kata, na alizivaa kiunoni hata kanisani.

"Dada, kuna nini? Imeungua?"

"Fidea, njoo useme. Wewe ndiye uliyeitengeneza."

Fidea alikwenda. Alisema kwamba mchele ulio ndani ya ngozi ni salama, akasema mara mbili. Alisema kwamba ngozi ikipandishwa motoni inamegeka, inaingia kwenye wali, kutoka kwenye wali inaingia kwenye damu, na kwamba watoto wanaozaliwa wadogo ni kwa sababu hiyo. Alimwomba kila aliyemsikia asiguse ngozi za ghalani. Maneno hayo ya mwisho yaliishia hewani. Mwanamke mmoja alikuwa ameshapiga ukunga, na kijana mmoja akapaza sauti kwamba mnaona, Lugangeni walisema kweli.

"Ghala zima lina sumu!" Mjomba Remi alizishika funguo za kiunoni. "Vijana, twendeni tukavue kabla giza halijaingia!"

Viti vikaanguka. Wanaume walikuwa wanatoka chini ya turubai kwa makundi. Radi ilipiga upande wa milimani, na Fidea akapiga kelele, "Msivue! Jamani, msivue!" Sauti yake haikufika popote. Kila alichokisema Masalu kilikuwa kinatokea mbele ya macho yake, na ni yeye aliyekifungulia mlango. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Ndipo Mama Gaude alipochukua mfuniko wa sufuria na kuupiga kwa mwiko, gwa, gwa, gwa, mpaka watu wakageuka.

"Remi! Shemeji yako, baba yake Fidea, nani alimwosha?"

Mjomba Remi alisimama. "Dada, hayo ya nini sasa?"

"Nauliza nani alimwosha."

"Mimi."

"Alikuwa rangi gani?"

Remi aliangalia chini. Wakubwa wote waliokuwa pale walikuwa wameosha mtu wao miaka ile ya ukungu.

"Jibu, watu wasikie."

"Manjano," Remi alisema. "Mpaka ulimi."

"Haya. Basi kaa chini. Na ninyi wengine mnakwenda wapi? Mmeshakula? Nani hapa ataondoka kwenye sendofu ya mwanangu kabla ya chakula amwachie mkosi?"

Hapo aliwapata. Bondeni kwao, mgeni akiondoka mezani kabla bibi harusi hajala tonge la kwanza, ndoa hiyo ikiharibika hata baada ya miaka ishirini atatajwa yeye. Watu walisimama njia panda, wengine mguu mmoja ndani ya turubai, mwingine nje. Mjomba Remi ndiye aliyekaa wa kwanza. Wapo waliokwenda zao. Muda si mrefu ikasikika kwa jirani sauti ya ngozi inachanwa, na Fidea akaijua sauti hiyo kuliko mtu mwingine yeyote pale.

"Waache, nitawafuata mwenyewe," Mama Gaude alisema. "Leteni mafiga hapa katikati. Hapahapa pa kuchezea muziki. Leteni gunia."

Alipika mbele yao. Gunia lililetwa limevaa ngozi mbichi ya kijani. Alimwamuru Fidea ashushe mapazia ya turubai, amulike mchele mbele ya kila meza, na Fidea akazunguka nao kwenye ungo. Gizani ungo haukuonyesha kitu. Mama Gaude akaikunja ile ngozi, akampa Mjomba Remi aipakate.

"Shika hii. Hapo mapajani imekung'ata?"

"Haijaning'ata."

"Ikae huko. Ngozi ni ya gunia. Sufuria lina jani lake. Semeni."

Wachache wakajibu.

"Sijasikia! Jumamosi mnanijibu kwa kelele, leo mmefiwa?"

"Ngozi ni ya gunia!" wakajibu. "Sufuria lina jani lake!"

Watu walikwishatoa simu zao kumrekodi na kumrusha hewani, kama kawaida yao. Ya Fidea ilikuwa inatetemeka mfukoni bila kukoma, na hakuhitaji kuitoa kujua ni Masalu. Atakuwa ameona. Kazi ilikuwa imekwisha, hilo alilijua, na pengine kitakuja kikubwa kuliko kufukuzwa kazi. Alikwenda kukata majani ya mgomba nyuma ya nyumba, akayababua motoni yalegee, kama bibi yake alivyokuwa akifanya.

Moja lilipasuka juu ya sufuria, na mvuke ukakimbia, kama Mama Gaude alivyosema. Mama akalaani kwa sauti, akaliongezea jingine juu. Mvua ilianza kupiga turubai. Wageni wakasubiri kwa njaa na manung'uniko, watoto wakalala mapajani mwa mama zao, na hakuna aliyeongea habari ya muziki.

Wali ulipoepuliwa ulikuwa mgumu kidogo juu na umeshika ukoko chini. Haukuwa ubwabwa wa Mama Gaude. Mwenyewe aliuonja, akakunja uso, akapakua sahani ya kwanza na kumpelekea mwanawe kwa magoti, kama ilivyo desturi.

"Kula, mama."

Editha hakula. Alimtafuta Fidea kwa macho.

"Mulika kwanza, dada. Waone."

Chini ya turubai kulikuwa giza la mvua. Fidea alisogea, akabonyeza taa, na watu wakanyanyuka kwenye viti kuchungulia. Wali kwenye sahani ulikuwa mweusi tii. Mtu alishusha pumzi, mwingine akaanza kigelegele akakiachia njiani.

Kwa sababu Editha alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua tonge, nao mkono ukaingia kwenye mwanga. Kucha zake ziliwaka buluu, zote, mbele ya kila mtu. Aliona kwamba wameona. Koleta, kwenye meza ya pili, alificha mikono yake chini ya meza taratibu.

Editha aliweka mkono wa kushoto tumboni, juu ya kitenge, bila kuficha kitu tena.

"Taa usiizime," alimwambia dada yake, akala.